Bunduki ilifaa, shanta moja halikutosha: kisa cha safari ya kuwinda elki katika milima ya Colorado

Kisa hiki ni cha kweli. Majina nimeyafanya herufi, na mji, mwaka na eneo la uwindaji nimeviacha. Wahusika wamekisoma na kukubali kitolewe, kwa sababu kila mwaka Waswahili wengi zaidi hapa Marekani wananiuliza swali lile lile alilouliza K.: "Kaka, ninunue bunduki gani?"

Wahusika na mahali

K. alikuwa na miaka 38. Alizaliwa Kivu Kusini, akakulia kambini mkoani Kigoma, na sasa ana kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu) na kazi katika kiwanda cha nyama kwenye tambarare za mashariki mwa Colorado. Kisu anakijua kuliko watu wengi niliowahi kuwaona. Bunduki hakuwahi kuishika. Babu yake aliwinda kwa mitego na mbwa, na yeye mwenyewe ni mtu aliyekimbia vita. Kwake bunduki ilikuwa kitu cha kuogopa muda mrefu kabla haijawa kifaa cha kutafutia kitoweo.

Aliyefuatana naye ni shemeji yake, S., mwenyeji wa Kigoma, Mwislamu, kijana wa miaka 29 mwenye nguvu. S. hakuwa na leseni. Alikwenda kubeba. Wa tatu ni Mmarekani mstaafu aliyewahi kufanya kazi na K. kiwandani, ambaye wote wawili humwita Mzee. Magoti yake hayapandi tena milima, kwa hiyo alikubali kubaki kwenye gari, mwanzo wa njia, akiwa na masanduku ya barafu. Mimi sikwenda. Kazi yangu ilikuwa kumwandaa K., kwani huwa natafsiri kwenye kozi za usalama wa uwindaji.

Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Elki ni ndugu wa ayala, yule tunayemjua kwenye Zaburi, ila ni mkubwa zaidi: jike hufika kilo 220 hivi, dume huvuka 300. K. aliomba leseni ya jike katika bahati nasibu ya Aprili akaipata, kwa msimu wa bunduki wa mwisho wa Oktoba. Kozi ya usalama alikuwa ameshaimaliza, maana jimbo hili linaidai kwa kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake. Kuhusu umiliki wa silaha, nieleze mapema kwa sababu wengi hukosea: mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua bunduki kwa sheria ya shirikisho. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa aingie kwenye moja ya misamaha iliyoandikwa, na leseni halali ya uwindaji ni mmojawapo. Usibahatishe hapo. Kosa lake ni jinai, na linaweza kukugharimu hata ukaazi wako.

Bunduki ya kwanza

K. aliniambia jambo lililoniingia moyoni. "Kaka, mimi sitaki mnyama ateseke. Nataka afe palepale." Kwa nia hiyo njema aliingia dukani, na muuzaji akamwonyesha bunduki ya .300 Winchester Magnum, aina ya risasi kubwa yenye baruti nyingi, ikiwa na darubini ya kukuza mara 6 hadi 24. Jumla dola 1,240. Akalipa, akasubiri zile siku tatu ambazo Colorado inazidai tangu Oktoba 2023 kabla ya kukabidhiwa silaha, akaichukua.

Tulikwenda naye uwanja wa shabaha mwezi Julai. Bunduki ile ina teke kali. Kufikia risasi ya sita bega lilikuwa jekundu, na kufikia ya ishirini matundu yake kwenye karatasi, kwa yadi 100 tu (kama mita 91), yalikuwa yametapakaa upana wa sinia. Nikafanya jaribio la zamani la walimu wa shabaha: bila yeye kuona, nikachanganya risasi bandia zisizo na baruti kati ya zile za kweli. Alipovuta kifyatulio kwenye risasi bandia, bunduki haikulia, lakini mdomo wa mtutu ulizama chini kwa ghafla. Mwili wake ulikuwa unashtuka kabla ya mlio. Hakuna darubini inayoponya hilo.

Tulikaa kwenye gari tukazungumza kwa muda mrefu. Nilimweleza kwamba elki hauawi na ukubwa wa mlio. Anauawa na risasi nzuri inayopita kwenye mapafu yote mawili, nafasi yenye upana wa sentimita 35 hadi 40 nyuma ya bega. Risasi kubwa ikipiga tumboni, mnyama atatembea kilomita nyingi akiwa na maumivu. Risasi ya wastani ikipita mapafuni, ataanguka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ile ile nia yake ya kutomtesa mnyama ilitaka bunduki ambayo mwili wake hauiogopi.

Aliirudisha dukani kwa mabadilishano, akapoteza dola 230. Akachukua .308 Winchester, ya risasi yenye baruti kidogo zaidi, ya kukoki kwa mkono, yenye darubini ndogo ya mara 3 hadi 9, kwa dola 860. Sheria ya Colorado kwa elki inataka kipenyo kisichopungua inchi .24, risasi yenye uzito usiopungua greni 85 (kama gramu 5.5), na nguvu ya kugonga isiyopungua futi-pauni 1,000 kwenye yadi 100. Risasi ya greni 165 kutoka .308 inafika hapo ikiwa na zaidi ya maradufu ya nguvu hiyo. Hakuwa na pungufu lolote, na teke lilishuka kwa kiasi ambacho mtu analihisi mara moja.

Kati ya Agosti na Oktoba alipiga risasi 120, nyingi si kwenye meza. Alipiga akiwa ameketi chini, amepiga goti, ameegemea fimbo za kulengea, na baada ya kukimbia mita mia moja ili moyo uwe unadunda. Akaketi, akapata risasi tisa kati ya kumi ndani ya sahani ya sentimita 20 kwa yadi 200. Tukaandika kwenye daftari lake: yadi 200, basi. Zaidi ya hapo hapigi, hata kama mnyama amesimama kama picha.

Vitu vingine alivyochagua

Alitaka pia bastola kwa ajili ya dubu. Mzee alimzuia kwa hoja mbili. Kwanza, dubu wa Colorado ni dubu mweusi. Yule dubu mkubwa wa kahawia anayesababisha hofu ya Montana na Alaska hajaonekana kwa uhakika jimboni humu tangu mmoja auawe mwaka 1979. Pili, bastola yenye risasi ni zaidi ya kilo moja ya chuma kiunoni kwa siku tano, mikononi mwa mtu ambaye hajaizoea. Wakachukua kopo la dawa ya pilipili na kamba ya kuninginiza chakula juu ya mti. Nakubaliana na uamuzi ule asilimia mia.

Kwenye nguo, K. alinibishia. "Baridi mimi naijua. Nashinda ndani ya friji saa nane kwa siku." Ni kweli, lakini baridi ya kiwandani ni kavu na haibadiliki. Mlimani unapanda ukitoka jasho, kisha unaketi kwenye upepo nusu saa huku jasho lile lile likikugeukia. Pamba ikilowa haitunzi joto. Sufu huendelea kulitunza hata ikiwa na unyevu. Alikubali hatimaye, akapata sweta na suruali za ndani za sufu kwenye maduka ya mitumba. S. alisema ana zake.

Halafu kuna toroli. K. alinunua kitoroli cha magurudumu mawili cha kubebea mzoga, dola 120. Nilikiona gereji kwake wiki mbili kabla ya safari. Nilikisifu. Sikuuliza wanakwenda kukitumia wapi.

Kwa ubebaji mwingine walikuwa na shanta moja la fremu, zuri, dola 190, na begi la shule la S. Mifuko ya kitambaa ya nyama ilikuwa minne. Ukiondoa leseni, matumizi yote yalifika dola 2,375, na 1,280 kati ya hizo ziliishia kwenye bunduki, darubini, risasi na ile hasara ya mabadilishano.

Siku tano mlimani

Walifika mwanzo wa njia Jumamosi mchana. Pale kwenye kibao ndipo Mzee alipomwambia K. arudishe toroli garini. Eneo walilochagua ni nyika iliyotengwa chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1964, na humo chombo cha usafiri cha magurudumu hakiruhusiwi. Kukosa injini hakukiokoi. Baiskeli imekatazwa, na kitoroli kimekatazwa pamoja nayo. Wakakiacha. Hakuna aliyefikiria kurudi mjini, saa mbili kwa gari, kununua shanta la pili.

Wakapanda siku hiyo hiyo kilomita 5 hadi mita 3,050 kutoka usawa wa bahari. Nyumbani kwao ni kama mita 1,400. Usiku ule wote wawili waliumwa kichwa, K. akatapika. Alfajiri mtungi wa gesi wa bei rahisi ukakataa kuwaka: ulikuwa wa butani, ambayo ikifika nyuzi sifuri haigeuki mvuke vizuri, na nje ilikuwa hasi 9. K. akaulaza mtungi ndani ya mfuko wake wa kulalia kwa robo saa, ndipo wakapata chai.

Usiku wa Jumamosi theluji ilianguka kama sentimita 12. Jumapili walitoka gizani, na S. alikuwa amevaa suruali ya jinzi. Ilipofika saa nne asubuhi jinzi ilikuwa imelowa hadi mapajani. Walipoketi kuangalia bonde, alianza kutetemeka, kisha akashindwa kufunga zipu ya koti lake. K. akamsemesha. Majibu yakawa yanakuja polepole, maneno yanamgandia mdomoni. Katika daftari la K. siku hiyo kuna mstari mmoja tu: "Shemeji anaongea kama mlevi. Tunarudi." Walirudi hemani mara moja, akamvua nguo zote, akamvika sufu ya akiba, akamwingiza kwenye mfuko wa kulalia, akamnywesha chai ya sukari nyingi. Baada ya saa mbili alikuwa sawa. Uwindaji wa siku ile ukaishia hapo, na K. hajaujutia hata kidogo.

Bunduki ilikuwa nje ya hema, chini ya turubai, chemba tupu. Tulikuwa tumeifuta mafuta mazito nyumbani, maana mafuta huganda kwenye baridi na kufanya komeo kuwa zito. Kuiacha nje pia kunazuia kioo cha darubini kufunga ukungu inapoingizwa kwenye joto la hema. Jambo dogo, lakini Jumatatu lilihesabika.

Saa 1:20 asubuhi ya Jumatatu, kwenye uwazi wa nyasi, majike kumi na moja. Kipima umbali kikasoma yadi 260. S. akanong'ona, "Shemeji, piga!" K. hakupiga. Kundi likaingia msituni taratibu. Wakazunguka upande ambao upepo ulikuwa unawajia usoni, dakika arobaini kwa magoti na viwiko, wakawakuta tena kwenye miti iliyosongamana. Yadi 140. K. akaketi, akaweka bunduki juu ya fimbo, akasema "Bismillahi" pamoja na shemeji yake, kama walivyokubaliana nyumbani, akafyatua mara moja. Darubini ilikuwa kwenye mara 3. Ile ya mara 6 hadi 24, kwenye msitu ule, ingemwonyesha manyoya tu bila kujua ni ya bega au ya paja.

S. alitaka wakimbilie na kisu mnyama akiwa bado na uhai, kwa ajili ya kuchinja. Suala hilo walikuwa wamelizungumza na imamu wa S. kabla ya safari, na S. alikuwa ameridhika kwamba mawindo yaliyopigwa kwa kutajiwa jina la Mungu yanamtosha akiyakuta yamekufa. Nashukuru walilimaliza mapema. Kumkimbilia elki aliyejeruhiwa ukiwa na kisu mkononi, kwenye magogo yenye theluji, ni kutafuta kwato kifuani. Walisubiri nusu saa. Walimkuta mita 70 mbele, kati ya misonobari iliyokufa kwa mdudu wa magome na kulaliana. K. akamsogelea kwa nyuma, akamgusa jicho kwa fimbo. Hakupepesa. Akafunga kitambulisho cha mzoga, tarehe na sahihi, kama sheria inavyotaka.

Kisha ikaja kazi aliyozaliwa nayo. Kiwandani nyama hujia ikining'inia kwenye ndoano. Hapa mnyama alikuwa amelala kwenye mteremko. Akafunga mguu wa juu kwa kamba kwenye mti, akachuna upande mmoja, akatoa mkono, paja, sarara ya mgongoni, akamgeuza, akarudia, bila kupasua tumbo ila tundu dogo la kutolea sarara za ndani. Akatenganisha nyama na mifupa palepale, akaacha alama inayothibitisha kwamba ni jike ikiwa imeshikamana na paja moja, kama inavyotakiwa. Kazi ilichukua muda wa saa tatu. Kilo 78 za nyama safi, na kilo zaidi ya 20 za mifupa zilizobaki mlimani badala ya mgongoni.

Mifuko ya kitambaa ikaisha. Shingo na vipande vidogo vikaingia kwenye mfuko mweusi wa taka.

Safari ya kwanza kwenda garini, kilomita 6 kutoka pale alipoanguka mnyama: K. kilo 34 kwenye shanta la fremu, S. kilo 14 kwenye begi la shule. Mkanda wa begi ulikatika kabla ya kilomita ya pili. Hapo K. alikumbuka mama zake wa Kivu wapandao milima na mizigo mizito kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Akakunja taulo, akafunga kamba, akamvika S., na S. akafika. Lakini nusu ya njia ni magogo ya kuruka, na kichwa kilichofungwa hakiangalii miguu vizuri. K. naye, akiwa na kilo 34, aliteleza kwenye gogo lenye barafu, goti la kushoto likajipinda. Walifika kwa Mzee saa tatu usiku wakiwa na tochi za kichwani.

Jumanne walirudi na goti lililovimba, wakaleta kilo 30 zilizobaki. Jumatano S. akabeba hema karibu lote peke yake.

Matokeo

Kilo 71 ziliingia kwenye friza. Kilo 7, ule mfuko mweusi, zilitupwa: plastiki ilizuia joto la nyama lisitoke na Jumanne jioni ilikuwa inanuka uchachu. Goti la K. lilimweka kwenye kazi nyepesi wiki mbili, na malipo ya wiki hizo yalipungua kwa kiasi ambacho kingenunua mashanta mawili. S. hakupata madhara ya kudumu.

Uchambuzi

Bunduki ilikuwa sahihi, na ilikuwa sahihi kwa sababu K. alikubali kupoteza dola 230 mapema. Watu wengi wakishalipa huona aibu kurudi dukani, wanakwenda mlimani na silaha wanayoiogopa. Yadi 260 asubuhi ile ndiyo mtihani wake halisi, na alifaulu kwa sababu kikomo kilikuwa kimeandikwa siku ambayo hakukuwa na mnyama mbele yake. Ukisubiri kuamua umbali wakati kundi limesimama na shemeji ananong'ona sikioni, umeshachelewa.

Hata hivyo, naona sasa kwamba maandalizi yetu yote yalilalia upande wa bunduki. Miezi mitatu tulizungumza kuhusu dakika moja ya kufyatua. Siku mbili za kubeba tulizipa toroli na hatukuzungumza tena. Leo nikimwandaa mtu naanzia mwisho: nyama itatokaje pale? Nani anabeba, kilo ngapi, mara ngapi, kwenye njia ya aina gani, na sheria ya ardhi ile inasemaje? Jibu la maswali hayo ndilo linaloamua umbali wa kwenda, idadi ya watu, na fedha inayobaki kwa bunduki. Kama tungeuliza hivyo, lile toroli la dola 120 lingekuwa sehemu kubwa ya bei ya shanta la pili. Uzembe ule ni wangu kuliko wa K. Mimi nilikuwa naijua sheria ya 1964.

Kuhusu kilo 34, K. aliniambia aliharakisha kwa sababu Jumanne ilitabiriwa joto la nyuzi 13. Hofu ilikuwa na msingi lakini hesabu haikuwa sahihi. Nyama iliyotolewa mifupa, kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, ikining'inia kivulini, huku usiku ukishuka hadi hasi 6, ingefika Jumatano bila shida. Wangebeba mara tatu, kila mtu kilo 13 hivi. Kilichoharibika kiliharibiwa na plastiki, hakikuharibiwa na muda. Mifuko minne ya kitambaa kwa mnyama wa kiasi hiki ni michache. Saba au nane ndiyo namba, na uzito wake ni mdogo.

Suruali ya jinzi ilikuwa kosa la utaratibu. Tulimkagua mwenye leseni na hatukumkagua mpagazi. Vazi la juu linalong'aa, la chungwa au la waridi, sheria inamdai mwindaji, na tulihakikisha S. naye analo, lakini nguo za ndani hatukuziangalia kwa sababu alisema anazo. Siku hizi namwomba kila anayekwenda, awe anashika bunduki au la, amwage begi lake sakafuni mbele yangu.

Usiku wa kwanza wangelala kwa Mzee, kwenye gari, chini zaidi, kisha wapande Jumapili. Wangepoteza nusu siku na kuokoa vichwa vyao.

K. ameomba tena leseni, eneo lingine, ambalo si nyika ya sheria ile, na toroli litakwenda. Shanta la pili limeshanunuliwa. S. amelijaza mifuko ya mchele ya kilo 20, na kila Jumamosi jioni anapanda nalo ngazi za uwanja wa shule ya sekondari mtaani kwao, K. akiwa ameketi chini anahesabu.